Ukoka au Nyasi za Pemba Chini ya Mwembe

Katika nyua nyingi za Mombasa na Kilifi, mwembe mmoja mkubwa hufunika nusu ya uwanja, na mwenye nyumba hubaki akichagua kati ya ukoka na nyasi za Pemba. Ukoka ni mmea wa jua: palipo wazi hutambaa upesi, hustahimili ukame na kukanyagwa na watoto, na ukikatwa hadi sentimita 3 hushikana kama mkeka. Kivulini, hata hivyo, baada ya miezi michache mashina yake hurefuka yakitafuta mwanga, majani hupungua, na udongo huanza kuonekana katikati. Mbolea haiponyi hali hiyo, kwa kuwa kinachokosekana ni jua.

Nyasi za Pemba, zenye majani mapana ya ncha butu, huridhika na mwanga unaopenya matawini. Kwangu mimi ndizo za kuchagua, ingawa huhitaji maji zaidi na hazipendi kukatwa chini ya sentimita 6.

Upandaji haupishani sana: masika yanapoanza, chukua vipande vya shina vyenye vifundo viwili au vitatu, uvilaze kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 20, ukifukia vifundo na kuacha majani nje. Usikate mizizi ya mwembe; tandaza samadi iliyooza na umwagilie maji mengi, kwa sababu mti nao hunywa papo hapo. Karibu kabisa na shina, penye kivuli kizito mchana kutwa, hata nyasi za Pemba hazitashika. Hapo mwaga changarawe.