Kolonoskopi: walinifukuza mlangoni na lawama juu

Na kipimo chenyewe, kile cha kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana, sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na yule nesi aliyenitamkia mbele ya wagonjwa wenzangu: "Mama, wewe hukunywa dawa. Unatupotezea muda."

Sikunywa dawa ya kusafisha tumbo! Mimi niliyekesha chooni hadi miguu ikafa ganzi, nikibugia malita ya yale maji ya chumvichumvi yanayojifanya yana ladha ya limau! Niliyamaliza yote jioni, kama karatasi yao ilivyoagiza. Ila kipimo walikipanga alasiri. Toka usiku hadi muda huo utumbo mwembamba haukai bure. Nyongo na mabaki hushuka, yakaupaka utumbo mpana upya, kamera isione kitu. Kumbe dawa ile hugawanywa: nusu jioni, nusu saa chache kabla ya kipimo. Hilo nimeelezwa na daktari wa hospitali nyingine, kwa sentensi moja tu. Kwenye karatasi yao haipo. Na mapokezi niliuliza, nikajibiwa, "Fuata karatasi."

Cha ajabu, palepale waliwahi kunipitisha kamera ya mdomoni vizuri kabisa. Walinipulizia ganzi kooni, kamera ikashuka hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, wakanyofoa vipande vya kupima bakteria wa vidonda vya tumbo, na hazikupita dakika nyingi. Daktari mpole, kila mara, "Pumua taratibu, mama, tunamaliza." Nikisema wote wabovu nitakuwa mwongo.

Shoga yangu akanishauri nimeze kamera ya kidonge, nisiguswe na mtu. Nayo inataka tumbo safi vilevile, na haikati kitu wala hainyofoi. Basi nikaenda kurudia kolonoskopi kwingine. Sindano ya usingizi, nikaamka nauliza wanaanza lini! Walikuta kinyama kidogo kwenye utumbo mpana, wakakikata humohumo.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Vinyama vya namna hiyo huota polepole, na vingine vikiachwa miaka hugeuka saratani. Mwingine angeona aibu ile inamtosha, asirudi tena popote.

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya yule daktari. Lakini juzi jirani yangu kapewa karatasi ileile, haijaguswa hata nukta, na miadi yake ni alasiri. Nazifuta. Moja inawatosha.