Kliniki ya kichwa na shingo: tathmini ya huduma kwa mgonjwa wa saratani ya tezi ya mate

Mjomba wangu alifika kwa rufaa katika kliniki ya kichwa na shingo ya hospitali moja kubwa jijini Dar es Salaam akiwa na uvimbe mgumu chini ya sikio la kushoto, mahali ilipo parotidi, tezi kubwa kuliko zote za mate. Sampuli iliyochukuliwa kwa sindano nyembamba ilikuwa imekwisha kuonyesha saratani ya seli bapa (seli tambarare kama zile zinazofunika ngozi), na kwingine hilo lingetosha kumpangia tarehe ya upasuaji.

Hapa halikutosha, na ndiyo sababu kubwa ya kuisifu kliniki hii. Daktari bingwa alimwambia, "Mzee, naomba uvue kofia," akawasha tochi na kuupekua utosi, nyuma ya masikio na pembeni mwa macho, akiuliza habari za kila kovu. Alitueleza kwamba ni nadra kwa saratani hii kuanzia ndani ya tezi yenyewe. Mara nyingi huwa imesambaa kutoka kwenye ngozi ya kichwa au uso iliyoungua jua kwa miaka mingi, hatari ambayo watu wenye ualbino nchini wanaijua vizuri mno. Kisha akamtaka afumbe macho kwa nguvu, ajaze mashavu pumzi na kuonyesha meno, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso hupita ndani ya tezi hiyo, na upande mmoja ukilegea huenda uvimbe umekwisha kuugusa. Uchunguzi wa namna hiyo hauhitaji mashine ya mamilioni, unahitaji daktari asiye na pupa.

Upasuaji ulifuatwa na mionzi, siku 5 kwa wiki kwa wiki 6, na hapo ndipo huduma ilipolegea. Meno mabovu hung'olewa kabla ya mionzi, kwa sababu taya lililopigwa mionzi hupona kwa shida. Sisi tulielekezwa kwa daktari wa meno wakati kinyago cha mionzi, kile kinachoshikilia kichwa kisitikisike, kimeshatengenezwa, ikabidi ratiba isogezwe. Wala hakuna aliyetuandaa kwa ukavu wa kinywa: sasa mjomba hamezi ugali bila mchuzi mwingi, na chupa ya maji haimtoki mkononi. (Foleni ya mafaili siizungumzii, kila mwenye mgonjwa anaijua.)

Kwa uchunguzi na upasuaji, ningempeleka pale ndugu yangu yeyote bila kusita, ila barua ya kwenda kwa daktari wa meno ningeidai mwenyewe siku ile ile mionzi inapotajwa.