Uzoefu wangu: kukagua noti na slaidi kabla ya kuwapa wanachuo wasioona, kipi kimenifaa na kipi hakitoshi

Mi ni mkufunzi chuo cha ualimu, nafundisha Jiografia, darasani kwangu nina wanachuo wasioona na wengine wenye uoni hafifu, kwahiyo noti zangu zote na slaidi zote nazikagua kwanza kuona kama na wao wataweza kuzisoma, kabla hazijatoka kwenda kwenye grupu la darasa. Walimu wenzangu wananiuliza sana natumia programu gani na ndo maana naandika hivi kwa kirefu, maana hamna programu moja ya kukumalizia hii kazi, utahitaji programu mbili tatu pamoja na masikio yako mwenyewe.

Nianze na ile ambayo wengi mnayo tayari kwenye laptopu zenu na hamjawahi kuibofya. Word ina kikaguzi chake humohumo ndani, kipo tangu Office 2010 ila zamani kilikuwa kimejificha kwenye File, Info, Check for Issues, matoleo ya sasa unaenda tu Review alafu Check Accessibility, pembeni kinakufungukia kidirisha chenye orodha ya matatizo na ukibofya tatizo kinakupeleka mpaka pale lilipo. Kinakamata picha isiyo na maelezo, jedwali lisilo na mstari wa vichwa, vijumba vilivyounganishwa hovyo, maandishi yenye rangi hafifu. Hakihitaji bando, hakihitaji kujisajili popote. Kwa mwalimu ambaye hajawahi kukagua kitu chochote hii peke yake ni hatua kubwa, na ningependa kila chuo cha ualimu kiwafundishe wanachuo hii kitu mapema kabisa, pale wanapojifunza kuandaa zana.

Ila sasa msiishie hapo, na hapa ndo nataka mnielewe vizuri. Kile kikaguzi kinaangalia kama kitu KIPO, hakiangalii kama kina maana. Nikupe mfano wa grafu ya mvua ya Dodoma ambayo nafundishia mada ya hali ya hewa. Ukienda kwenye sehemu ya maelezo ya picha (Alt Text) ukaandika neno moja tu "grafu", kikaguzi kinanyamaza, kimeridhika, lile onyo linafutika. Mwanachuo asiyeona akifika pale anaambiwa kuna picha, jina lake grafu, basi. Wakati mwenzake anayeona akiitupia jicho moja tu anaondoka na somo zima: mvua za Dodoma ni msimu mmoja, zinaanza kama Novemba au Desemba zinakata Aprili, na kuanzia Juni mpaka Septemba ni kukavu kabisa. Sasa hiyo sentensi ndo maelezo ya picha, iandike hivyohivyo ilivyo, na takwimu za kila mwezi ziweke kwenye jedwali chini yake ili naye azisome mwenyewe na afikie hitimisho lake. Usianze na "hii ni picha ya" maana kisoma skrini, yani programu inayomsomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini, chenyewe kinatangaza kwamba ni picha, utakuwa unamrudishia mtu kitu alichokwisha sikia. Na picha za mapambo, yale maua na vibonzo vya kona, kuna sehemu ya kuweka tiki kwamba ni pambo tu, weka tiki, msiwachoshe watu.

Kwahiyo kikaguzi cha Word nakipa nyota tatu na nusu. Kinafanya kazi yake vizuri, ila hakiwezi kusoma noti kama mwanafunzi.

Cha kusoma kama mwanafunzi ni NVDA na hii naipa nyota tano bila kufikiria mara mbili. Ni kisoma skrini cha Windows, cha bure kabisa, alikianzisha Michael Curran wa Australia mwaka 2006 akaja kuungana na James Teh, wote wawili hawaoni, yani kimetengenezwa na watu wanaokiishi. Wapo wanaotumia JAWS ambayo ni ya kulipia na ni nzuri, ila wanachuo wangu wengi wako na NVDA kwahiyo na mimi nakagulia na NVDA. Ukiidanlodi usiogope sauti kuongea mfululizo, bonyeza Control inanyamaza. Alafu nenda kwenye menyu yake sehemu ya Tools uwashe Speech Viewer, ni kidirisha kinachoandika kila kinachosemwa, kwa sisi tunaoona inasaidia sana mwanzoni kabla sikio halijazoea.

Mtihani wangu wa kwanza ni Insert na F7 (kwenye Word anza na Insert na Space kuwasha browse mode). Hapo chagua Headings, inakuletea orodha ya vichwa vyote vya noti. Noti ndefu ikikupa orodha tupu ujue mwandishi alikoleza maandishi tu na kuyakuza badala ya kutumia staili za Heading 1, Heading 2, na maana yake ni kwamba mtu asiyeona hawezi kuruka kwenda mada ya tatu, itabidi asikilize kuanzia jina la chuo mpaka afike. Wewe unaangalia ukurasa unaona kila kitu kimepangwa vizuri, yeye anasikia maneno mfululizo kama redio isiyo na vipindi. Kubadilisha ni dakika chache tu, chagua mstari, bofya Heading, endelea.

Sasa kuna jambo ambalo sijaona kikaguzi chochote kikilisema na kwetu sisi tunaofundisha kwa Kiswahili ndo kubwa kuliko yote. LUGHA YA NOTI. Word za wengi zimekaa Kiingereza, ukiandika Kiswahili inakupigia mistari myekundu kila neno na sisi tumezoea tunaipuuza. Kumbe ile alama ya lugha iliyojificha ndani ya faili kisoma skrini kinaiamini, kinaona imeandikwa Kiingereza basi kinasoma Kiswahili chako kwa matamshi ya Kiingereza. Washa NVDA usikilize "mmomonyoko wa udongo" au "mwinuko" kwa sauti ya Kiingereza, utashangaa wanachuo wetu wamefaulu vipi miaka yote hii. Wamejifunza kukisia! Mmoja aliniambia, "Mwalimu, mi nilishazoea, nasikia kwanza alafu natafsiri kichwani ilikuwa neno gani", aisee nilikaa kimya kwa muda. Mtu anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kubahatisha neno na kuelewa somo, alafu anapewa mtihani uleule na dakika zilezile.

Dawa yake ni rahisi sana. Bonyeza Control na A kuchagua noti yote, nenda Review, Language, Set Proofing Language, tafuta Kiswahili, bofya OK. Kama kuna aya au istilahi za Kiingereza katikati chagua hizo peke yake uzirudishe kwenye Kiingereza. NVDA inakuja na sauti za eSpeak NG na Kiswahili kimo, na ikikuta alama ya lugha imebadilika inabadili yenyewe matamshi. Sauti ya eSpeak sio tamu, ni ya kiroboti, sitawaficha, ila inatamka silabi zetu inavyotakiwa na wazoefu wanaipenda kwasababu haipotezi maneno hata ukiiongezea kasi. Kwenye simu za Android kuna TalkBack, kisoma skrini ambacho kimo ndani ya simu nyingi, na sauti ya Kiswahili ya Google ni laini zaidi. Wanachuo wengi hawana laptopu, wana simu, kwahiyo nikimaliza na NVDA namtumia mmoja wao ile faili aifungue kwenye simu yake ndo nijue imefika salama.

Tukija kwenye PDF, jamani walimu. Kuna mkufunzi alipiga picha sura nzima ya kitabu kwa apu ya kuskani akaitupia kwenye grupu ikiwa PDF, safi kabisa kwa macho, na mwanachuo akanifuata ofisini "shikamoo mwalimu, lile faili mbona halina kitu". Na kweli kwake halina kitu, ni picha za kurasa, hakuna herufi hata moja ndani. Jaribu hivi, fungua PDF ujaribu kuchagua neno moja kwa kipanya, likikataa kuchaguliwa basi na kisoma skrini hakina cha kusoma. Pale ni kuichapa upya au kuipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi alafu uhariri kwa mkono, maana Kiswahili kinatoka na makosa mengi. Kuhusu hakimiliki upo Mkataba wa Marrakesh wa 2013 uliowekwa hasa kwa ajili ya nakala za vitabu kwa wasioona, Tanzania na Kenya zote zimejiunga, kwa hiyo taratibu zake ongeeni na mkutubi wenu.

PDF inayotoka Word nayo ina namna yake. Usi-print kwenda PDF, tumia Save As uchague PDF, bofya Options uhakikishe pale kwenye "Document structure tags for accessibility" kuna tiki. Bila hivyo vichwa na maelezo ya picha uliyohangaika nayo yanaweza kubaki huku nyuma. Kuikagua natumia PAC, programu ya bure yenye asili ya Uswisi, ni ya Windows tu, unaburuta faili ndani yake inakuonyesha wapi imefeli, na ina sehemu ya kukuonyesha faili lako jinsi kisoma skrini kitakavyolipokea, hiyo sehemu ndo naipenda zaidi. Lugha ya ripoti yake ni ngumu kidogo kwa mtu asiye wa mambo ya kompyuta kwahiyo nyota nne. Ila ukiniuliza mimi, noti za darasani tuma faili la Word lenyewe, PDF iache kwa vile visivyotakiwa kubadilishwa.

PowerPoint inanisumbua kuliko zote. Chukua slaidi ya mzunguko wa maji, ina bahari, mishale, visanduku vya "mvukizo", "mawingu", "mvua", umevichora kwa mpangilio wowote uliokujia. Kisoma skrini kinafuata mpangilio wa vitu ulivyo ndani ya faili, hakifuati mishale, kwahiyo mtu anaweza kusikia mvua inanyesha kabla maji hayajavukizwa. Fungua Arrange, Selection Pane, na kumbuka pale orodha inasomwa kutoka chini kwenda juu, panga upya. Mchoro ukiwa na vipande vingi bora uvifunge pamoja kwa Group uandike maelezo mamoja yanayosimulia mzunguko mzima toka mwanzo mpaka mwisho. Kila slaidi iwe na kichwa chake na visifanane. Na ukiweka video kumbuka wanachuo viziwi, maandishi ya chini ni lazima.

Rangi sitakaa sana. Pakua Colour Contrast Analyser ya kampuni ya TPGi, bure, ina kidude cha kunyonya rangi ya maandishi na ya nyuma kinakupa uwiano wa jinsi rangi hizo mbili zinavyotofautiana. Maandishi ya kawaida yanatakiwa angalau 4.5 kwa 1. Ile nyekundu kali tunayoipenda walimu kwenye karatasi nyeupe inaishia kama 4 kwa 1, inafeli, nyekundu iliyoiva ya pembeni yake kwenye Word inavuka 6. Na usiseme "majibu sahihi ni yale ya kijani", weka na alama.

Walimu wa hesabu nao wananiuliza. Milinganyo msiipige picha, iandikeni kwa Insert, Equation, na mwanachuo aongeze MathCAT, programu ya kusoma hesabu, kwenye NVDA yake kama haimo tayari, ataweza kuingia ndani ya mlinganyo akasikiliza kiasi na asili kila kimoja peke yake. Kwa mwanachuo anayejiandaa kwenda kufundisha hesabu shule ya msingi hilo ni jambo la lazima, maana kesho yeye ndo atakuwa anaandika hiyo milinganyo kwa ajili ya watoto.