Gmail ya Android kwa imeili ya ofisi: kupokea rahisi, kutuma ndiyo shughuli

Kwa anwani inayoishia na gmail.com, programu hii haina la kulalamikiwa. Hapa tunaipima kwa kazi inayowatoa watu jasho: kuiwekea imeili ya ofisi yenye domeini yake, ya .co.tz au .co.ke, iliyoko kwenye seva ya cPanel (paneli ya kusimamia tovuti na imeili).

Njia ni fupi. Fungua Mipangilio, ongeza akaunti, chagua aina ya "nyingine", andika anwani nzima, halafu bonyeza sehemu ya kuweka mwenyewe badala ya kuiacha programu ibahatishe. Kati ya POP3 (hushusha barua kwenye simu) na IMAP (huziacha kwenye seva na kuzioanisha na simu), chukua IMAP. Ukitumia POP3, barua ulizotuma hubaki ndani ya simu peke yake, na simu ikiibwa zimeenda nayo.

Seva ya kupokea kwa kawaida ni mail. ikifuatwa na domeini yako, poti (namba ya mlango wa seva) 993, usalama SSL/TLS (usimbaji unaolinda barua njiani). Jina la mtumiaji ni anwani nzima, pamoja na @ na kilichoko baada yake. Ukiandika kipande cha mbele tu, utaambiwa jina au nywila si sahihi, na hapo watu wengi hukimbilia kubadilisha nywila isiyo na kosa lolote. Kibaya zaidi, seva nyingi huhesabu majaribio yaliyokosewa, na yakizidi hufungia IP (anwani ya mtandao) mnayotumia ofisi nzima. Dalili yake: webmail (barua kupitia kivinjari) haifunguki kwenye Wi-Fi ya ofisi, lakini kwa bando la simu inafunguka. Acha kujaribu, mwombe mwenye hosti (kampuni inayowawekea seva) awafungulie.

Kwenye kutuma ndiko programu inakoangusha watu. Poti 465 huenda na SSL/TLS, 587 huenda na STARTTLS, aina nyingine ya usimbaji; ukizichanganya, kiduara kitazunguka mpaka kichoke, kisha upewe ujumbe usiosema kosa liko wapi. Poti 25 iache kabisa, mitandao mingi huizuia kwa ajili ya spamu. Swichi ya kudai kuingia iwe imewashwa, na jina na nywila vijazwe tena hapo. Ikizimwa, barua zitaingia vizuri, ila ukimwandikia mteja wa nje seva inakataa kuisafirisha.

Kuna mtego mwingine ambao hautajwi popote kwenye skrini: nywila ya kupokea na ya kutuma huhifadhiwa mbalimbali. Ukibadilisha nywila kwenye webmail, badilisha sehemu zote mbili. Ukisahau ya kutuma, utaendelea kusoma barua mpya huku majibu yako yamerundikana kwenye kikasha cha zinazosubiri, nawe unadhani yalishafika.

Onyo la cheti (kitambulisho cha kidijitali cha seva) likitokea, angalia kwanza tarehe ya simu. Ikiwa nyuma au mbele sana, kila cheti kitaonekana kibovu. Tarehe ikiwa sawa, huenda cheti kimetolewa kwa jina la seva ya hosti na si la domeini yako. Ingia cPanel, fungua sehemu ya kuunganisha vifaa, nakili jina la seva lililoandikwa pale. Programu inakupa pia chaguo la kukubali vyeti vyote. Hilo kwetu ni kasoro, maana linafanya onyo liondoke bila tatizo kuondoka: yeyote aliyekaa katikati ya Wi-Fi ya mgahawa anaweza kujifanya seva yenu na kuchukua nywila.

Hata ukishamaliza yote, barua haziingii papo hapo. Kwa akaunti za IMAP, muda mfupi kabisa wa kukagua ni dakika 15. Kwa anayesubiri oda au LPO (hati ya kuagiza bidhaa), hizo ni nyingi. K-9 Mail, na Thunderbird ya Android iliyotoka 2024 ikiwa imejengwa juu yake, hushikilia muunganisho na seva, na barua huingia ndani ya sekunde. Zote mbili ni za bure. Kwa imeili ya biashara tunapendekeza Thunderbird. Gmail ibaki na anwani za Gmail.

Sharti moja: iondoe Thunderbird kwenye orodha ya programu zinazobanwa ili kuokoa betri, hasa kwenye Tecno, Infinix na Xiaomi. Usipofanya hivyo, simu itaizima programu hiyo pindi skrini inapolala, nawe utarudi kuivuta orodha kwa kidole kila ukitaka kuona kilichoingia.