CitationJet ya kutua Songwe: kabla ya viti, kagua breki

Wanaotumia jeti ndogo kati ya Dar es Salaam na Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, wana lalamiko moja lisiloisha: breki na matairi vinakwisha mapema kuliko alivyoahidi muuzaji. Viti, skrini na kasi angani tunaviacha, maana kila dalali atakusimulia hivyo mpaka uchoke.

Songwe ipo fiti 4,400 hivi juu ya bahari. Kwa hesabu za watengenezaji, joto la kawaida la urefu huo ni nyuzi 6. Mchana wa Oktoba likifika 28, hewa inakuwa nyepesi kama ya fiti 7,000. Rubani anasoma kasi ileile ya kutua aliyoizoea, lakini magurudumu yanagusa lami kwa kasi halisi iliyozidi ile ya kitabuni kwa takriban asilimia 11. Joto ambalo breki lazima zilimeze hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo nyongeza inakaribia asilimia 23, kila unapotua. Na familia ya CitationJet (kwa kifupi CJ) ya kampuni ya Cessna, tangu ile ya kwanza iliyoruka Aprili 1991 hadi CJ4, haina rivasi za injini, yaani vifaa vya kugeuza msukumo uelekee mbele ili kupunguza mwendo. Mzigo wote ni wa breki.

Hata hivyo sisi ni watu wa Cessna, hatufichi. Zote zina injini za Williams FJ44, zote zinaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, na kila toleo limerekebisha udhaifu wa lililotangulia.

Chaguo letu la kwanza ni CJ3, iliyoidhinishwa 2004. Kila injini inasukuma pauni 2,820, na uzito wa juu wa kuruka ni pauni 13,870. Yaani kila pauni ya msukumo inanyanyua pauni 2.46. Bawa lake limenyooka, na uzito wake ni wa wastani, hivyo breki zinapumua. CJ4 ya 2010 ina nguvu zaidi, 2.36 kwa hesabu hiyohiyo, lakini ni nzito zaidi kuisimamisha: uzito wake wa juu wa kuruka ni pauni 17,110. Tunaiweka ya pili. Ya tatu ni CJ2.

M2, toleo dogo la familia hiihii, na CitationJet za zamani ni nafuu, ila zinafika 2.7 na ushee, na kwenye joto utaacha abiria au mafuta. Za zamani zina vibao nyuma ya injini vya kupunguza msukumo ndege ikishagusa chini. Vikigoma, breki zinateseka. Jeti za kutua kwenye changarawe usiziulize humu: kwa viwanja vya Ruaha tafuta jeti ya Pilatus PC-24.

Ukaguzi wenyewe: pima ulaji wa diski breki ikiwa imebanwa, kwani ikiwa imeachiwa utapata kipimo cha uongo. Linganisha kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa umelika zaidi, kuna pistoni isiyorudi au rubani anayeendesha kwa kukanyaga breki njia nzima mpaka maegesho. Soma shinikizo la chupa ya naitrojeni ya dharura, inayosukuma breki mfumo wa kawaida ukigoma, na ukumbuke kwamba ikitumika, kinga ya magurudumu kujifunga haifanyi kazi. Mvua za masika zikiwa zimelowesha lami, hapo ndipo magurudumu hujifunga na kuteleza kirahisi. Kisha fungua kitabu cha matengenezo, ugawanye idadi ya mara ilizotua kwa idadi ya seti za breki zilizobadilishwa, ujue kila seti ilidumu kwa kutua mara ngapi.

Kinachotuudhi ni wauzaji. Watakutajia fiti 3,180 za kuruka kwa CJ3 bila kusema kwamba hizo ni za usawa wa bahari, nyuzi 15, lami kavu. Mtu analipa mamilioni ya dola kwa takwimu ya ufukweni! Mwambie afungue jedwali la fiti 4,500 na nyuzi 30, la kuruka na la kutua, lami ikiwa imelowa, na akutumie picha ya ukurasa mzima. Akikuletea kipeperushi badala yake, usitoe malipo ya awali.