Mkanda wa umeme kichwani kwa ajili ya sonona: uzoefu wangu

Nianze na swali la kila ninayemwambia: hapana, hupigwi shoti. Mama alinipigia kutoka Tanga, sauti imembadilika: "Mwanangu, wamekutia umeme wa kichwa huko?" Alikuwa anafikiria ule wa hospitali, ambao mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi kisha akatiwa degedege makusudi. Ule hutumia mamia ya miliampia. Wangu ni miliampia 2. Paji la uso linawasha dakika za mwanzo, pengine nikaona kimulimuli machoni umeme unapopanda, halafu naendelea kukunja nguo.

Chombo chenyewe ni mkanda wenye sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, chanya kushoto mwa paji, hasi kulia. Programu ya simu huuwasha, na baada ya nusu saa unajizima. Naishi Uingereza, natumia sertraline, dawa ya sonona, na daktari alikubali niuongeze juu ya vidonge, si badala yake. Nimeukodi. Jina la kampuni naliacha, kwa kuwa mengi ninayosema yanahusu mikanda yote ya aina hii.

Kilichonivutia ni jinsi unavyofanya kazi. Mwaka 2000, Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walipitisha umeme dhaifu namna hii juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha misuli ya mkono, kisha wakaijaribu kwa mpigo wa sumaku unaoushtua mkono. Upande chanya ulifanya mkono uitike kwa nguvu zaidi, hasi ukaufanya mzito, na hali hiyo ikabaki dakika kadhaa baada ya umeme kukatwa. Umeme huu haulazimishi seli za neva zifanye kazi. Unazisogeza karibu na hatua hiyo tu, kama maji yaliyokwisha kupata moto jikoni: hayajachemka, lakini kuni moja tu inatosha. Katika sonona, sehemu ya mbele kushoto ya ubongo mara nyingi huwa imezubaa, ndiyo sababu chanya inakaa pale.

Hayo ni maelezo mazuri, na muuzaji anayapenda. Asichokuambia ni kwamba sehemu kubwa ya umeme huo hupita kwenye ngozi na isifike ndani kabisa. Majaribio nayo hayasemi kwa sauti moja. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya watu 174 wa Uingereza na Marekani waliotumia mkanda nyumbani kwa wiki 10: karibu asilimia 45 ya waliopata umeme wa kweli walitoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 22 hivi ya waliovaa mkanda wa kuigiza, usiotoa umeme wa tiba. Lakini mwaka mmoja kabla, Ujerumani iliwajaribu watu waliokuwa tayari kwenye vidonge, kama mimi, na umeme haukuushinda ule wa kuigiza.

Mimi je? Furaha haikunijia ghafla. Kilichotangulia ni usingizi, kisha nikaanza kupokea simu. Dada yangu ndiye aliyeniambia kwamba nimeanza kubishana naye tena. Kuna watakaosema ni ile nusu saa ya kukaa na nafsi yangu kila baada ya Isha, na siwapingi sana.

Kero zipo. Sponji ikikauka katikati, mkanda unakata na kuanza kulalamika kwenye simu. Mafuta ya nazi usoni ni adui, lazima uoshe paji kwanza. Na aliyeuchora mkanda huu hakuwahi kusukwa: misuko inayoanzia karibu na paji inauinua, sponji haishiki vizuri, na ngozi inachonyota. Nimehamia misuko inayorudi nyuma. Alama nyekundu hubaki kidogo, kisha huondoka.

Naupa nyota tatu kati ya tano. Ukodi, usiununue. Mwenye kifafa, chuma ndani ya kichwa au kifaa cha moyo asiuguse bila daktari, hali kadhalika mwenye historia ya kupandwa na wazimu wa furaha. Na ninyi mnaounganisha betri ya volti 9 na sponji za kuoshea vyombo kwa kufuata video: ngozi inaungua.