Watamu: hori ya Mida au msitu wa Arabuko-Sokoke?

Ukiwa na asubuhi moja tu ya kutazama ndege Watamu, pwani ya Kenya, nenda Mida, lakini ulizia kwanza saa za kupwa na kujaa. Maji yakipwa, matope hubaki wazi na ndege hushuka kula. Nilisimama kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko nikimwangalia ndege mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene. Alikimbia hatua chache, akasimama kimya, akamdaka kaa na kumtikisa mpaka miguu ikamtoka. Ndege huyu huzaliana pwani za Oman na Ghuba. Huchimba shimo mchangani, hutaga yai moja tu, kisha wengi wao huja kwetu msimu wa kaskazi. Nilipojua hilo sikutaka kuondoka. Maji yakijaa, ndege hutawanyika.

Arabuko-Sokoke ni mambo mengine. Msitu una kilomita za mraba 420 hivi, na unadai subira. Bundi wa Sokoke ni mdogo, sentimita 17 tu, na mchana hutulia tawini kama jani kavu. Bila mwongozaji anayemjua, utampita. Sange wa dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, utamsikia kwanza, majani makavu yakichakarika, halafu umwone akikimbia na kiuno chake cha manjano. Ingia alfajiri, kabla ya joto.

Mwenye watoto awapeleke Mida. Mwenye siku nne au tano, msitu aupe asubuhi mbili.